Miguu Yangu na Kigoda cha Baba Mkwe

Nyumba ya wakwe zangu huko Bwera ilikuwa na viti vinne, mikeka mitatu na kigoda kimoja. Kigoda kilikuwa cha miguu ya baba mkwe. Hakuna aliyekikalia. Kila siku baada ya sala ya adhuhuri alirudi, akajitupa kwenye kiti cha barazani, akavua makubazi, akapandisha visigino vyake juu ya kigoda kile na kusema "Aaah," kama mtu aliyeshuka Ruwenzori na mizigo ya wazungu mgongoni. Alikuwa ametoka msikitini. Msikiti uko ng'ambo ya barabara.

Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba na miguu iliyovimba hadi vifundo vikapotea. Na mimi ndiye niliyepiga magoti kumwekea chai.

Ninaandika haya nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniambie nisubiri ipoe. Nimeona wanawake wengi waliosubiri hasira zao zipoe, na sasa wao ndio wanaowakalisha wake za watoto wao mkekani.

Kabla ya hapo tuliishi Kasese mjini, chumba kimoja, mimi na mume wangu. Yeye ni dereva wa lori, anapakia saruji Hima na kuishusha mpakani. Chumba kilikuwa cha mabati, joto la kuokea mkate, lakini kilikuwa changu. Nilipotaka kulala nililala. Nilipotaka kuweka miguu ukutani niliiweka ukutani, na ukuta haukulalamika.

Mimba ilipofika mwezi wa sita miguu ikaanza kujaa jioni. Muuguzi wa kliniki ya Kasese aliibonyeza kwa kidole gumba, akatazama shimo likirudi polepole. Alikuwa mama mfupi, mkali, anayeongea kama anayegombeza hata akikupongeza.

"Hii ya jioni ni kawaida," aliniambia. "Nyabo, sikiliza, sirudii. Ukikaa, miguu iwe juu. Ukilala, lala ubavu wa kushoto. Usisimame muda mrefu, usikunje miguu muda mrefu. Tembea kidogo. Kunywa maji. Viatu vya kubana tupa. Ukitaka, tia miguu kwenye maji ya baridi, itakupumzisha."

Nikaitikia. Akanishika mkono.

"Sijamaliza. Siku uso ukivimba ghafla, na mikono, kichwa kikakugonga, macho yakaona nyota mchana, au ukaumwa hapa chini ya mbavu, usiulize mtu yeyote. Unakuja. Hata kama uko na unga mkononi, unakuja na unga wako."

Wiki mbili baadaye mume wangu akaniambia mtoto wa kwanza anazaliwa kwa mama wa mume, ndivyo kwao. Tukafunga godoro juu ya saruji, nikaketi mbele kwenye lori. Kikorongo tulisimama akaninunulia mahindi ya kuchoma. Nakumbuka nilikuwa na furaha. Mjinga kabisa.

Baba mkwe alikuwa mfanyabiashara wa chumvi ya ziwa la Katwe, mwenye duka dogo. Magunia yalilala sebuleni na mpaka chumbani kwangu, yakingoja siku ya soko, ndipo yavushwe daraja kwenda Kongo. Nyumba nzima ilikuwa na unyevu wa chumvi. Sakafu ilitoa jasho, nguo hazikukauka vizuri. Mama mkwe alitoka upande wa Kongo, akaolewa huku akiwa msichana, lakini ulimi wake haukuvuka daraja. Aliniita mugole, yaani bibi arusi, na hilo ndilo lilikuwa jina langu la pekee mle ndani.

Na mugole ana sheria zake. Mugole hakai kwenye kiti baba mkwe akiwapo. Anakaa mkekani, miguu ameikunja chini ya makalio, nyayo zimefichwa ndani ya kitenge. Unyayo wa mugole kumwelekea baba mkwe ni sawa na kumtemea mate. Na kwa kuwa baba mkwe alishinda barazani kutoka adhuhuri hadi magharibi, na baraza ndiyo njia ya kwenda jikoni, kisimani, chooni na duniani, mimi nilishinda nimekunja miguu.

Yaani fikirieni. Mtu anaambiwa asikunje miguu, anapelekwa kwenye nyumba ambayo kazi yake ya kwanza ni kukunja miguu.

Nilijaribu kusema. Nilimwambia mama mkwe, tena kwa adabu, maana bado nilikuwa nayo, kwamba muuguzi amesema miguu iwe juu.

"Juu ya nani?" akaniuliza.

"Juu ya kitu chochote, Mama. Hata kigoda."

Akacheka mpaka akashika mlango. "Kigoda ya Hajji! Banamuke ya leo beko na uvivu ya kusoma. Mimi nilibeba mimba saba, mugole. Saba! Miguu ilikuwa vile vile, kama mihogo. Nililima. Nilibeba chumvi kwa kichwa. Sikuinua mguu hata moja."

Majirani nao walikuja kutazama. Kila mmoja alibonyeza. Sijui kwa nini miguu ya mwanamke mjamzito huwa mali ya umma. Mmoja akasema ni mapacha. Mwingine akasema ni mtoto wa kiume, mtoto wa kiume hupenda maji. Wa tatu akasema nilipita juu ya kitu kilichotegwa njiani. Waliniambia yote hayo wakiwa wamekaa kwenye viti.

Ndipo baba mkwe akatoa hukumu yake kutoka barazani, bila kugeuza shingo, maana yeye na mimi hatukutazamana:

"Hayo ni maji. Chumvi inavuta maji. Angalia samaki. Leo unampaka chumvi, kesho iko kavu kama mbao."

Hiyo ndiyo elimu ya watu waliofanya biashara ya chumvi miaka arobaini. Samaki. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne, biolojia nilifaulu, na bado nilikaa nikasikiliza habari za samaki.

Kuanzia siku hiyo mama mkwe alinifunga miguu asubuhi na jioni. Alichukua chumvi ya mawe, ile ya kijivu yenye chengachenga, akailowesha, akaitandaza kwenye kitambaa na kukizungusha kifundoni mpaka kisiginoni. Visigino vyangu vilikuwa na nyufa. Kama hujawahi kuwekewa chumvi ya Katwe kwenye ufa wa kisigino, kaa ulivyo, usijaribu. Nililia. Akasema kulia ni vizuri, hayo pia ni maji yanatoka.

Lakini chumvi ya nje ilikuwa shida ndogo. Shida kubwa ni kwamba walininyima maji ya kunywa.

"Mutu iko imejaa maji," mama mkwe alisema, "na wewe unamuongezea maji tena? Unataka ipasuke?"

Asubuhi kikombe kimoja cha chai. Jioni kikombe kimoja. Mtungi wa maji ya kunywa akauhamishia chumbani kwake, chini ya kitanda. Mimi, mwanamke mzima, mke wa mtu, nikawa naenda bafuni na jerikeni la kuogea, nikafunga mlango wa bati na kunywa kwa kiganja. Maji ya kuogea, yenye ladha ya plastiki. Siku moja alinifumania. Hakupiga kelele. Alininyang'anya jerikeni, akanipangusa kidevu kwa ncha ya mtandio wake kama anayempangusa mtoto aliyekula udongo, akasema, "Unajiua, mwana wangu." Alisema kwa huruma ya kweli. Huruma ile ndiyo sijaisamehe. Mtu mbaya ungemkimbia siku ya kwanza.

Nilimpigia mume wangu. Nilisikia lori linanguruma nyuma ya sauti yake.

"Vumilia kidogo," akasema. "Wazee wako vile."

"Mguu wangu hauingii kwenye kandambili."

"Nitakuletea kubwa."

Akaniletea kubwa. Namba ya wanaume, za bluu. Huo ndio mchango wake wote.

Mchana mmoja wa Ijumaa, baba mkwe akiwa msikitini, nikaona hii ndiyo nafasi. Niliingia chumbani, nikalala ubavu wa kushoto, miguu nikaipandisha juu ya gunia la chumvi. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano niliisikia damu ikishuka kutoka kwenye miguu, kama maji yanavyotoka kwenye beseni lililoinamishwa. Mtoto akageuka. Nikasinzia.

Nilipofungua macho baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Mteja alitaka gunia. Alikuja kuchukua gunia. Kitu cha kwanza alichokiona ni nyayo zangu mbili, zimeelekezwa usoni mwake, zikiwa juu ya bidhaa yake.

Aligeuka akatoka. Laiti angetukana.

Jioni kikaitishwa kikao. Mume wangu alikuwa amefika, amekaa kwenye kiti upande wa baba yake, anatazama simu. Nikapigishwa magoti katikati ya sebule kuomba radhi. Si kupiga magoti na kuinuka. Nilipiga magoti wakati mzee akieleza alivyonunua gunia la kwanza, alivyolivusha daraja kwa baiskeli, jinsi mama yake alivyokuwa hatembei mbele ya mwanamume bila kuinama. Alieleza mpaka adhana ya magharibi ikamwokoa yeye, si mimi. Nilipotaka kusimama miguu haikuwepo. Nilitambaa. Nilitambaa hadi chumbani mbele ya mume wangu, na yeye akainuka kuninyanyua, mama yake akamwambia, "Acha, itazoea," akaketi tena.

Akaketi tena. Hilo nimeliandika ili alisome.

Jumatatu asubuhi niliamka nikadhani mtu amenifunga kitambaa usoni. Nilijigusa mashavu, yalikuwa mazito, si yangu. Pete ilikuwa imezama kwenye kidole. Kichwa kilinigonga kwa mbele, juu ya macho. Nilipotoka nje, kila kitu kilikuwa na chengachenga zinazong'aa pembeni, ua mzima kama umemwagiwa chumvi juani.

Mume wangu alikuwa ameondoka Jumapili. Mama mkwe alikuwa tayari na kitambaa chake.

"Mama," nikasema, "kichwa kinapasuka. Ninaona nyota."

"Kaa hapo. Ni chumvi inaanza kufanya kazi. Inavuta."

"Muuguzi alisema uso ukivimba niende hospitali."

"Muuguzi ya Kasese iko Kasese. Hajji hajatoka kwa duka, nani atakupatia ruhusa? Kaa. Kufika jioni itakuwa imevuta yote." Akapiga goti mbele yangu, akaanza kukunjua kitambaa. "Mimi nilibeba saba..."

"Na watoto wako ni wangapi?"

Mkono wake ukasita. "Unabajua. Batano."

"Saba toa tano, Mama?"

Sikuwahi kuambiwa habari za wale wawili. Mume wangu hakuwahi kuwataja. Lakini nilikuwa nimefua nguo za nyumba ile, nimepika, nimehesabu picha ukutani, na hesabu hiyo ni ya darasa la kwanza. Nilijua nilichokuwa nikifanya. Nilichukua kitu kilichokuwa kimezikwa, nikamrushia usoni.

Alibaki ameshika kile kitambaa, chumvi inadondoka sakafuni kidogokidogo. Sijivunii. Wala sijutii kiasi ambacho ningetakiwa.

Nilichukua kadi ya kliniki na kandambili za bluu, nikapita barazani. Nilienda barabarani peke yangu na kusimamisha boda. Dereva aliniangalia akatabasamu.

"Mama mzazi, leo nakubeba wawili ama watatu?"

"Hospitali. Nikianguka usiniokote, nenda ukawaite wauguzi."

Tabasamu likamtoka. Aliendesha kama amebeba mayai, akinipigia kelele kila mara, "Mama, uko? Mama, ongea!" Nami nikawa nasema niko, niko. Mtu huyo sijui hata sura yake vizuri, macho yalikuwa yameshaharibika. Ndiye pekee siku hiyo aliyeniamini bila kunibonyeza.

Muuguzi wa zamu alinifunga kile kitambaa cha kupima presha mkononi, akakipuliza, akatazama, akakipuliza tena. Kisha akamwita mwenzake, kwa sauti ndogo ambayo iliniogopesha kuliko kelele zote.

"Ulianza lini kuona hivi?"

"Asubuhi."

"Unakojoa?"

"Kidogo. Sipewi maji."

Akainua kichwa. "Hupewi maji na nani?"

"Wanavuta yaliyopo."

Sikuwa natania. Hakuna kingine nilichoweza kueleza. Alinitazama miguu, akaona chumvi iliyoganda kwenye nyufa za visigino, akaikwangua kidogo kwa ukucha na kuionja kwa ncha ya ulimi, muuguzi mzima, akatikisa kichwa.

Walinichoma sindano ya pajani, ya moto, ilipanda mwili mzima kama pilipili. Walisema ni ya kuzuia degedege. Walisema presha ikiwa hivi dawa yake ni mtoto atoke, awe tayari asiwe tayari. Nikaweka sahihi ya upasuaji mwenyewe. Aliyeniuliza "mume yuko wapi" nilimwambia yuko na saruji.

Binti yangu alitoka kabla ya siku zake, mdogo kama kuku wa kienyeji aliyenyonyolewa, na sauti kubwa kuliko mwili. Ana hasira tangu siku ya kwanza. Nimemwambia asiiache.

Siku ya pili mama mkwe alikuja na chupa ya uji. Aliketi ukingoni mwa benchi, mtandio umeshuka hadi kwenye nyusi. Hakunitazama. Muuguzi alipokuja kunipima, mama mkwe akamuuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Munganga, hii ya presha. Mwanamuke inaweza kuwa nayo na asijue?"

"Anaweza, mama."

"Na mutoto inakufa mu tumbo?"

"Inatokea. Tukichelewa inatokea sana."

Akamimina uji, akaupoza kwa kuuhamisha kutoka kikombe hadi kifuniko, mara nyingi, hata baada ya kupoa. Kisha akaenda. Mnaosoma mnataka niseme nilimshika mkono. Sikumshika. Nilikuwa na kiu na kichwa kinauma, na yeye ndiye aliyekuwa na mtungi chini ya kitanda. Baadaye, usingizi ulipokataa, niliwafikiria wale wawili wake. Niliwafikiria wao. Yeye nilimwacha.

Mtu atauliza kwa nini nilirudi kwenye nyumba ile. Nilirudi kwa sababu mtoto mdogo vile anahitaji mikono mingi, na mshono haujui kiburi. Chumba cha Kasese kilikuwa kimeshapangishwa mtu mwingine. Mtungi niliukuta sebuleni, juu ya meza, na kikombe kimefunikwa juu yake. Hakuna aliyesema uliondolewa lini chini ya kitanda.

Siku arobaini zilipokwisha nilioga, nikavaa, nikambeba mtoto. Ilikuwa baada ya adhuhuri. Nilitoka barazani, nikakaa kwenye kiti cha baba mkwe, nikavuta kigoda na kupandisha miguu yangu yote miwili, nyayo zikatazama barabara, zikatazama msikiti.

Watu walitoka kuswali. Walipita, wakaona, wakajifanya hawakuona. Yeye akavuka barabara akiwa amekunja mkeka kwapani. Alifika kwenye ngazi akasimama.

"Mugole."

"Hajji."

"Hicho ni kigoda changu."

"Nakijua, Hajji."

Akatazama mlangoni, kwa mkewe, aliyekuwa amesimama na chai. Nilijua nini kingefuata. Ningeambiwa shuka, nipige magoti, kisha kikao jioni. Mtoto alikuwa akinyonya, anavuta kwa nguvu kama anayedai. Mama mkwe alimtazama mtoto. Akatazama nyayo zangu, na nyufa za visigino ambazo zilikuwa zimeanza kuziba. Kisha akateremka, akaweka kikombe cha chai kwenye ukingo wa baraza, pale mtu anapoweza kunywa akiwa amesimama, akarudi ndani.

Baba mkwe alikunywa chai yake amesimama.

Miguu yangu wakati huo ilikuwa imeshapungua kabisa. Vifundo vilikuwa vimerudi, mishipa inaonekana, ningeweza kuvaa kiatu chochote. Sikuwa na haja ya kigoda hata kidogo. Nilikaa pale mpaka adhana ya alasiri.